Ncha ya pasi ya kulehemu na multimita kwa seti za elektroniki: nibadilishe nini kwanza?

Shangani_555
Habari za humu wakuu. Niko Mtwara mjini, naunganisha seti ndogo: taa za kumweta za IC 555 (chipu ya kupima muda) na amplifaya ya wati 3. Pasi ni ya wati 60 yenye kirekebisha joto, ncha yake imechongoka kama sindano. Nimefika 400°C lakini risasi (waya wa kulehemu) inajiviringa kijidonge, haishiki kwenye bodi, na ncha imekuwa nyeusi. La pili: rezista mbili za 1M (ohm milioni moja) nimezipanga mfululizo kwenye betri ya 9V. Katikati nategemea 4.5V, multimita inasoma 3V. Nibadilishe nini?

Mikindani_Redio
Mkuu, badilisha ncha. Hiyo ya sindano inagusa duara la shaba kwa nukta tu, joto halipiti, ndiyo maana unazidi kupandisha. Kwa 400°C flaksi (dawa ya kusafisha shaba iliyomo ndani ya risasi) inaungua kabla haijafanya kazi, na ncha inaota utando mweusi usioshika risasi.

Chukua ncha bapa, ya umbo la bisibisi: 2.4mm kwa rezista, kapasita na waya, 1.6mm kwa miguu ya IC. Nenda dukani na ncha yako ya zamani ulinganishe tundu lake. Kwa risasi ya 60/40 (bati 60%, ledi 40%) yenye unene wa 0.8mm, weka 330 hadi 350°C. Ubapa uguse mguu na duara kwa pamoja, hesabu moja, kisha lisha risasi kutokea upande wa pili, siyo juu ya ncha. Toa risasi kwanza, pasi baadaye. Sekunde 3 zinatosha. Kiungo kilichoshika kina mteremko, ukingo wake unalala mwembamba juu ya shaba. Kikiwa duara kama punje ya mtama, kimekaa juu tu.

Nakusihi usiipige ncha tupa wala msasa. Ni shaba iliyovikwa chuma. Vazi hilo likikwanguka, risasi inaila shaba hadi itoboke.

Lindi_Mita
Hiyo 3V ni sahihi kwa mita uliyonayo! Multimita nyingi za bei ya chini zina ukinzani wa ndani wa 1M kwenye volti. Ukiiweka sambamba na rezista yako ya 1M, zinakuwa 500k. Sasa ni 1M juu na 500k chini, theluthi ya 9V ni 3V. Mita yenye 10M ingekusomea kama 4.29V.

Kwa hiyo ukinunua, angalia kwenye karatasi yake iandikwe 10M. Halafu iwe na mlio wa kupima kama njia ya umeme haijakatika, kipimo cha daiodi, na fyuzi kwenye tundu la 10A pia; nyingine tundu hilo halina fyuzi kabisa. Waya mwekundu ukisahaulika humo ukapima volti, umepiga shoti.

Rezista ipime ikiwa nje ya bodi, au inua mguu mmoja. Ikiwa ndani, njia nyingine za saketi zinashusha kipimo.

Msanga_Mkavu
Niongeze la pwani yetu. Hewa ya chumvi inafubaza shaba ya bodi haraka. Ikiwa ya kahawia, sugua kwa kifutio cha penseli, pangusa kwa spiriti, ulehemu siku hiyohiyo. Asidi ya kulehemu mabati usiiguse, inakula miguu taratibu hata baada ya kazi kukamilika. Na kusi likivuma funga dirisha, upepo unapoza kiungo.

Shangani_555
Asanteni sana. Ncha hii nyeusi inaokoleka?

Mikindani_Redio
Kama chuma hakijatoboka, ndiyo. Weka 300°C, ichovye kwenye rozini (aina ya flaksi), lisha risasi mpya, pangusa kwa sponji yenye unyevu usiodondoka maji. Rudia hadi ing'ae pande zote. Kila ukitaka kuzima, iache imevikwa risasi mbichi.