Paka kanishinda kidonge, na bado siku tano

FundiSaa_Kibokoni
Asalaam aleikum jamaa. Mimi ni fundi saa hapa Kibokoni, Mombasa, mwaka wa thelathini na mbili huu nakaa na kibano mkononi na lenzi jichoni. Skrubu ndogo kuliko punje ya ufuta naiokota huku napiga soga. Lakini wiki hii paka wa kilo tano amenifanya nijione sina mikono.

Jina lake Alamu, maana hunitangulia kuamka kabla ya adhana ya alfajiri na hataki kuzimwa. Jumanne alirudi shavu limevimba kama kaficha kaimati. Kumbe alipigana, akang'atwa, kidonda kikajifunga juu na ndani kikajaa usaha. Daktari wa mifugo akapasua, akasafisha, akanipa vidonge vinne vya doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, miligramu 100 kila kimoja. Nusu kwa siku, siku saba, nimpe na chakula. Nikaona kazi ndogo.

Siku ya kwanza nilisaga nusu nikatia kwenye maziwa. Akanusa, akanitazama, akayatazama maziwa tena, akaondoka. Jana mama watoto kashika miguu ya nyuma, mimi kinywa. Paka ana miguu minne mpaka aone kidonge, hapo ni pweza. Kilitoka mara tatu. Mara ya nne sikukiona, nikashukuru Mungu kuwa kameza. Mikono yangu sasa naificha mbele ya wateja.

Leo nimeminya tu paketi ikalia "tak", tayari yuko juu ya kabati, katikati ya saa za ukutani za watu. Huko simfuati.

Nifanyeje? Naomba anijibu aliyewahi kukwaruzwa.

MamaSwafiya_Lamu
Waaleikum salaam fundi. Nimekwaruzwa mpaka nimezoea, nina sita ndani na wa njiani siwahesabu, Lamu unaijua mwenyewe kwa paka.

Kwanza huyo mtu wa kushika miguu mtoe. Paka akishikwa miguu huona anachinjwa. Chukua kikoi kizito au taulo, mweke katikati, mzungushie shingoni vizuri kisha mwili wote, kama unavyomfunga mtoto mchanga, abaki kichwa tu. Kaa chini sakafuni, yeye katikati ya mapaja yako, mgongo wake kwako, asione uso wako. Ukimkabili uso kwa uso ushamwambia kuna vita.

Pili, kidonge kipake samli kidogo. Kitateleza, na ule uchungu hautamgusa ulimi haraka.

Dulla_wa_Makupa
Mzee pole. Mimi wangu akiumwa namsagia robo ya parasetamoli kwenye samaki, anatulia kabisa, halafu hata dawa nyingine unampa bila shida. Jaribu.

Msaidizi_Mifugo
USIJARIBU. Samahani kwa herufi kubwa, lakini hii naomba kila mtu aisome.

Parasetamoli ni sumu kwa paka. Ini la paka halina uwezo kama letu wa kuivunja. Inaharibu damu ishindwe kubeba oksijeni: ufizi unageuka rangi ya kahawia au buluu, uso na miguu vinavimba, anahema kwa shida. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima, na hiyo robo si salama pia. Dulla, "kutulia" ulikokuona huenda hakukuwa nafuu. Ukimpa tena au ukimwona hivyo, mkimbize kwa daktari saa hiyo hiyo, usisubiri kukuche.

Sasa mzee wangu, shikamoo. Mimi ni msaidizi kliniki ya mifugo huku Moshi, mikono yangu pia haionyeshwi watu. Mama Swafiya kasema vizuri, naongeza machache.

Maziwa acha kabisa na dawa hii. Kalsiamu ya maziwa inaishika doksisaiklini tumboni, sehemu yake inapita bila kuingia mwilini. Hata angeyanywa yote asingepata dawa kamili. Kusaga nako kunaachia uchungu wote, paka anatoa povu mdomoni watu wanadhani ana kichaa.

Kushika: kiganja chako cha kushoto juu ya kichwa, dole gumba na kidole cha kati kwenye pembe za mdomo, nyuma ya chonge. Inua pua iangalie juu kidogo, taya la chini litalegea lenyewe. Kidole cha mkono wa kulia kinashusha taya, unaweka kidonge nyuma kabisa, katikati ya ulimi. Ukikiweka mbele au pembeni atakirudisha tu. Funga mdomo, rudisha kichwa kawaida, msugue koo. Akijilamba pua, mara nyingi kimeshuka.

Halafu hili ndilo wengi wanaliruka: doksisaiklini isishuke kavu. Ikikwama kwenye umio, ile njia ya chakula toka kooni hadi tumboni, inachoma, na kovu lake linaweza kuubana mpaka paka ashindwe kumeza chakula. Nunua bomba la sindano dukani, ncha ya chuma itupe, vuta mililita tano za maji, penyeza ubavuni mwa mdomo, umpe kidogo kidogo. Wakati wa maji usimwinue kichwa, yasije yakaingia kwenye mapafu. Kisha mpe chakula anachokipenda.

Na hiyo nusu ya jana, una hakika aliimeza?

FundiSaa_Kibokoni
Marahaba mwanangu. Swali lako limenitoa kitini.

Nimeikuta. Ilikuwa kwenye kisahani cha springi, imenata, ina unywele mmoja wa Alamu. Alikaa nayo shavuni, tena shavu zima lile lisilouma, akanisubiri nimwachie, akaja kuitema mezani kwangu. Kwa hiyo ya kwanza ilikwenda na maziwa, ya pili imelala na springi, na mgonjwa hajapata hata chembe.

Nimpe mbili leo kufidia?

Msaidizi_Mifugo
Usifidie kwa kuongeza, mzee. Mpigie daktari wako, mweleze kama ulivyotueleza. Ukiona paka hawezi kabisa kumeza vidonge, muulize kama ana dawa ya maji.

MamaSwafiya_Lamu
Na kata kidonge mchana akiwa nje! Hiyo "tak" ndiyo adhana yake ya kukimbia.

FundiSaa_Kibokoni
Nimempigia. Kacheka kwanza, kisha kasema nianze kuhesabu upya leo usiku, moja hadi saba. Nilikuwa na nusu nane, mbili zimepotea, zimebaki sita. Nimenunua kidonge kimoja zaidi.

Saa tano asubuhi, bwana yuko barazani anaota jua, nikakata vidonge vyote kwa wembe wa kazini, nikavitia kwenye kikopo cha filamu ya kamera, kile cha zamani, hakina sauti. Saa mbili usiku nikakaa kwenye mkeka na kikoi mapajani kama mtu asiye na haja. Alikuja mwenyewe. Kikoi, kichwa, pua juu. Hapo ndipo nilipogundua kosa langu la jana: nilikuwa namfungua mdomo kwa nguvu ya mkono mzima, na kazi hii ni ya ncha za vidole, kama kuinua balansi, kile kigurudumu chembamba ndani ya saa ya mkono. Ukiilazimisha unaivunja.

Kilipita. Nikasugua koo, nikahesabu kumi, akajilamba pua. Maji mililita tano, mbili zikaishia kwenye kikoi, nikaongeza mbili. Kisha jodari.

Nimemfungua mdomo tena kuhakikisha, mashavu yote mawili. Hakuna kitu.

Dulla, nimekuona umenyamaza. Paka wako yu hali gani?

Dulla_wa_Makupa
Yuko sawa mzee, anakula, nimemwangalia ufizi ni wa pinki. Ile dawa nimeifungia kabatini. Asanteni jamani, kwa kweli sikujua.

FundiSaa_Kibokoni
Alhamdulillahi. Hapa ya pili imepita, amenikwaruza kidogo tu. Zimebaki siku tano, na samli imebaki kijiko kimoja. Mama watoto anasema hicho ni cha chapati.