MJADALA: Bendi changa ya Tanga inayopiga vya kwake ibaki hapa hapa au ihamie Dar?

Fundi Mitambo, Makorora (mwanzisha mada):

Wadau habari za jioni, wakubwa shikamooni. Naileta hii mada maana imenichosha kuisikia vijiweni nusu nusu. Kuna vijana hapa mjini wana bendi yao, wanajitegemea, hawana mfadhili wala promota, wanapiga walichotunga wenyewe. Sasa majuzi kwenye kikao cha wasanii mkubwa mmoja akasimama akasema wazi Tanga hakuna soko la laivu, wauze vyombo au wapande basi waende Dar. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Niseme mapema mi ndio nawafungia spika kwenye shoo zao kwahiyo sio mtu baki. Ila msimamo wangu ni kwamba wabaki, na sio kwa sababu ya uzalendo wa Tanga, ni kwa sababu bado wanaitafuta sauti yao na wameanza kuikamata sasa hivi.

Walivyoanza walikuwa wanapiga kila kitu, rege kidogo rumba kidogo bongofleva kidogo, unasikiliza nyimbo tatu hujui hawa ni kina nani. Kilichobadilisha mambo ni kayamba. Mpiga tumba wao alikuja nalo siku moja mazoezini, la nyumbani kwao huko Mkinga, mpiga drams akaambiwa haihati, vile visahani viwili vya kukanyaga kwa mguu, asiiguse kabisa, kayamba lishike pale. Basi gita la rizimu likakosa pa kuegemea, maana yule dogo amezoea kuifuata haihati, ikabidi apunguze, anagusa nyuzi mbili tatu za juu halafu anaacha nafasi. Na besi nayo haianzi tena kwenye pigo la kwanza, inasubiri, kayamba likishapita ndio inaingia. Wimbo ni ule ule lakini sasa hivi ukiwa nje barabarani hujaona mtu unajua ni wao. Mazoezini ilionekana upuuzi tu, hata mimi niliwaambia mnaharibu. Wakaja kuupiga kwenye harusi moja Mikanjuni, kina mama wakaanza kusogea mbele bila kuitwa na MC, tena wale wanne watano wa mwanzo wanakuja wakiwa wamebeba sahani za pilau mkononi.

Kitu kama kile kinahitaji watu wale wale wakusikie tena na tena mpaka wakuzoee. Dar utaanza na kodi. Nyie mnaonaje?

Mtoto wa Chuda:

Mkuu unaota ndoto nzuri lakini ni ndoto. Tanga ni waja leo waondoka leo, hata muziki. Wewe kina Kinyonga umewasahau? Wilson na mdogo wake George walikuwa hapa hapa kwenye bendi ya Jamhuri Jazz, 1970 wakaenda Arusha, mwaka uliofuata wako Kenya wanaitwa Simba Wanyika, Afrika Mashariki nzima inawajua. Wangebaki Ngamiani leo wangekuwa wanasimuliwa na wazee watatu kwenye kahawa. Bi Shakila wa taarab naye si aliimba vikundi vya Black Star na Lucky Star hapa kabla hajaenda Dar? Mnatukuza mji ambao kila anayefanikiwa anautoka. Redio kubwa ziko Dar, vyumba vya habari viko Dar, mapromota wako Dar. Kayamba halina miguu, litabebwa.

Mwenye Ukumbi, Chumbageni:

Niongee kama mfanyabiashara msinichukie. Mi nina ukumbi na kibaa pembeni. DJ anakuja na laptop yake na fleshi, namlipa, nampa soda mbili, anapiga mpaka watu waondoke. Bendi wanakuja watu 8, hapo fundi mitambo sijamhesabu, kila mmoja ukimpa elfu 20 tu hiyo tayari laki na 60 na bado hujakodi spika hujaweka mafuta ya jenereta hujalipia kibali. Kiingilio nikiweka elfu 5 watu wa Tanga wanasimama nje ya geti wanasikiliza bure, na upepo wa baharini unawasaidia. Niambieni mimi nafidia wapi.

Halafu ishu nyingine, mteja anataka anachokijua. Wakianza vya kwao wimbo wa pili tu naona watu wanaangalia simu, wakigusa zilipendwa ghafla meza zote zimesimama. Mi sio adui wa muziki jamani. Nauza vinywaji.

Dada wa Sahare:

Kaka Mwenye Ukumbi na wewe Fundi Mitambo wote mnaongea kama wateja ni wanaume watupu. Bango linaandikwa saa 2 usiku, tunafika mnajaribu spika "cheki wan tu wan tu", bendi inapanda saa 5. Nani ataniacha mie nikae mpaka saa 8 usiku halafu nirudi Sahare na bodaboda nisiyemjua? Harusini mnatuona tunacheza kwa sababu harusi iko na ndugu zetu na inaisha mapema. Hao kina mama wa Mikanjuni ndio mashabiki wenyewe, hawajakosekana, wamefungiwa mlango wa saa. Pigeni Jumapili saa 10 alasiri, saa 1 na nusu mmemaliza, muone nani atakuja. Na watoto tutakuja nao.

Na sisi tukifurahi tunatuza. Muulize mpiga taarab yeyote Tanga hela yake ya uhakika inatoka wapi, kiingilio au mkononi mwa mwanamke aliyeguswa na beti.

Mzee wa Ngamiani:

Marahaba wanangu. Nimesoma nimecheka kidogo. Hizo habari za zamani msizipambe sana. Bendi za Atomic na Jamhuri hawakushuka na sauti yao kutoka mbinguni, wote walianza kwa kuiga, sahani za santuri za Kikongo na za Kyuba zilikuwa kila mahali na vijana walikuwa wanashindana nani anaiga vizuri zaidi. Kuiga sio aibu, aibu ni kuzeekea humo. Halafu pale palikuwa na bendi mbili kubwa mji mmoja, mashabiki wamegawanyika kama wa timu za Coastal na African Sports, ukilala mwenzako kakupita. Hawa vijana wenu wanashindana na nani? Na DJ?

La pili, watu walikuwa na mshahara. Mkonge ulikuwa mkonge, bandari inafanya kazi, reli inafanya kazi, mwisho wa mwezi mashamba yanalipa na watu wanashuka mjini kuja kucheza. Mkonge ulipoporomoka na dansi likapungua nguvu, mnamlaumu mwanamuziki bure. Na redio ilikuwa moja, Radio Tanzania, ukirekodiwa pale umesikika mpaka Kigoma, ila sahani ndio ilibidi uvuke kwenda Kenya kwa sababu hapa kwetu kiwanda hakikuwepo. Kwahiyo kijana wa Chuda, hao kina Kinyonga walifuata kurekodi na soko, lakini kupiga walishajua. Walijifunzia wapi? Jamhuri Jazz, Tanga.

Mtoto wa Chuda:

Mzee wangu shikamoo, nakubali walijifunzia hapa. Lakini kujifunza ni kitu kimoja na kula ni kitu kingine, mbona hilo hulisemi?

Mpiga Besi aliye Dar:

Naomba niingie maana mi ndio huyo "aliyeenda". Mzaliwa wa Mabawa, niko Dar miaka mingi, napiga besi. Wapo wanaotoboa na siwaonei wivu. Ila niwaambie wiki yangu ilivyo. Jumatano hoteli, Ijumaa baa, Jumamosi harusi, Jumapili baa nyingine, na sehemu zote hizo nne ni kopi. Nyimbo za watu. Siku tukichomeka cha kwetu meneja anakuja pembeni ya jukwaa anamnong'oneza kiongozi, "hii ipo sawa lakini rudisha watu". Nyimbo zetu tunazo kwenye simu, tumezirekodi na sauti ya mdomo, mpiga solo alizungusha kipande kizuri sana kile ambacho mpaka leo hakijawahi kupigwa mbele ya mtu. Hela ipo kuliko Tanga, sio siri. Sauti yetu sijui ikoje, sijawahi kuisikia.

Kama wanataka kuonekana nje wasidhani njia ni Dar tu. Tamasha la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe Unguja ipo tangu 2004 na wanataka laivu, ukienda na CD ya kuigiza hawakuhitaji. Bagamoyo nako TaSUBa, kile chuo cha sanaa, wana tamasha lao lilianza 1982 kabla chuo hakijawa taasisi. Hizo sehemu bendi yenye kayamba na besi inayosubiri inaulizwa "nyie mmetoka wapi", bendi ya kopi haiulizwi.

Msomaji tu:

Kwenye hizo kopi mnasahau kitu, kupiga nyimbo za watu hadharani kwa biashara kuna haki za watunzi humo, sheria ya hakimiliki ya 1999 ipo na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo. Mwenye Ukumbi una leseni ya hiyo zilipendwa inayosimamisha meza zako?

Mwenye Ukumbi, Chumbageni:

Hilo swali tuliache kwanza 😂

Kijana wa Mtandao, Pongwe:

Nyie wote mko 1975. Ukumbi wa nini? Warushe video YouTube na TikTok, dunia nzima inaona, mtu yuko Marekani anasikiliza kayamba. Tatizo la hawa jamaa hawapostigi.

Fundi Mitambo, Makorora:

Dogo wa Pongwe wanaposti. Ila ili YouTube wakugawie hela kamili ya matangazo kwa video ndefu unatakiwa uwe na wafuasi 1,000 na watu wawe wamekutazama saa 4,000 ndani ya miezi 12, sasa bendi ambayo haijulikani hata Barabara ya Nne hao watu inawatoa wapi kama sio kwa kupiga mbele yao kwanza? Video yao iliyotazamwa kuliko zote sio ile waliyolipia kamera, ni ile ya simu iliyorekodiwa na shangazi wa bibi harusi, picha inatetemeka, pembeni mtoto analia, lakini unaona watu wanacheza kweli. Mtandao unabeba kitu ambacho tayari kimetokea mahali.

Mtoto wa Chuda hoja ya kula nimeiona siikimbii. Mpiga rizimu ni bodaboda, mpiga tumba anashona nguo, muimbaji anauza simu pale stendi. Hawali muziki. Lakini nikikuuliza Dar wataishi vipi utaniambia watapiga kopi hotelini, na mwenzako wa besi kashakusimulia mwisho wake. Kwahiyo bora wale bodaboda wapige vya kwao kuliko wale kopi wasahau vya kwao. Hapa tutapingana tu na sawa.

Na Mzee, kuhusu mshahara, mbona pesa zinarudi? Bandari imechimbwa upya, Chongoleani bomba la mafuta linakuja kuishia pale, kuna watu wapya wanalipwa mwisho wa mwezi na jioni hawana pa kwenda zaidi ya kukaa ufukweni Raskazoni. Wale sio wa kusubiri bango la saa 2 linaloanza saa 5. Dada wa Sahare umenipiga pale pale, hiyo ya saa mi nilikuwa naona ni ukawaida wa bendi. Nimewapelekea kwenye grupu lao, mpiga solo kasema Jumapili alasiri jua kali nyuzi zinalegea. Nikamwambia alegee na yeye.

Sasa Mwenye Ukumbi, Jumapili saa 10 ukumbi wako una nini?

Mwenye Ukumbi, Chumbageni:

Jumapili alasiri hauna kitu, wafagizi tu. Lakini silipi bendi. Geti wachukue wao, vinywaji mimi, na kwa kina mama nitaongeza juisi na mihogo. Nawapa Jumapili nne mfululizo, ya tano tukiwa hatuelewani kila mtu ashike njia yake. Na spika mje nazo, zangu za DJ simpi mtu.

Dada wa Sahare:

Nne ndogo. Watu wa huku ya kwanza wanatuma mtoto kuchungulia, ya pili wanauliza nani alienda. Mpe nane.

Mwenye Ukumbi, Chumbageni:

Sita. Na mzee asitake kuingia bure kwa sababu alicheza na Atomic.

Mzee wa Ngamiani:

Nitalipa. Nusu.

Mtoto wa Chuda:

Nitakuja ya kwanza kuwahesabu watu, halafu nirudi hapa.