Mrejesho: niliingia duka la vitabu na 30,000 tu

Wakuu, ni yule niliyelalamika kwamba nikifuata kalamu duka la vitabu natoka na mfuko mzima. Nilifuata ule ushauri wa kuacha simu nyumbani na kubeba taslimu, maana kulipa kwa simu ndiko kunakonimaliza.

Jumamosi nikashuka Posta, katikati ya Dar, nikatembea hadi mtaa wa Samora kununua kamusi ya mtoto. Dukani nilijikaza jamani! Rafu ya riwaya niliipita bila kugeuza shingo. Nikalipa, nikabaki na 12,000.

Balaa lilikuwa nje. Mzee wa vitabu vya mtumba kavitandaza chini kwenye turubai, kila kimoja buku mbili (2,000). Nikachuchumaa "kuangalia tu". Kuja kushtuka nina riwaya nne, kitabu cha ufugaji wa nyuki (sina hata mzinga) na atlasi ya kabla ya 1997, Kongo bado inaitwa Zaire. Atlasi siijutii, ramani zake tamu mno.

Nauli ikaishia hapo, na simu ya kukopea iko nyumbani. Nikapiga mguu hadi Magomeni. Shemeji yenu akautazama mfuko, akauliza kamusi iko wapi. Ilikuwa chini kabisa.