Kunyoosha rangi ya TV baada ya kubadilisha taa za nyuma: jicho, namba za kunakili au kalorimita?

Fundi_Tandale
Wakuu, habari za kazi. Nina TV ya LED ya inchi 43 mezani. Ililetwa ina sauti bila picha, taa za nyuma zimekufa. Nimeweka stripu (vipande vya LED) mpya seti nzima na picha imerudi, ila nyeupe yote inavuta kwenye bluu. Jezi nyeupe zinaonekana kama zimetiwa buluu ya kufulia, na sura za watangazaji zimepauka. Mteja kaiona tofauti siku hiyo hiyo.

Naona njia tatu: ninyooshe kwa jicho, ninakili namba za menyu ya fundi (menyu iliyofichwa ya mipangilio) kutoka TV nyingine ya modeli hiyo hiyo, au ninunue kalorimita, kile kifaa cha kupima rangi ya skrini. Mnaofanya kazi hii kila siku, mnatumia ipi na kwa nini?

mkono_wa_solda
Kabla ya njia yoyote, maliza suala la taa. LED nyeupe ya TV ni chipu ya bluu iliyofunikwa fosfori ya njano, na ule mchanganyiko ndio tunaouona mweupe. Stripu nyingi za madukani zina mwanga wa baridi kuliko zilizotoka na TV, ndiyo maana unaona bluu. Je, uliangalia karatasi za kusambaza mwanga umezirudisha kwa mpangilio ule ule? Na lenzi ndogo zinazofunika kila LED zote zimeshika?

Jingine, punguza kidogo mkondo wa taa kwenye draiva, ile saketi inayozilisha umeme. LED inayosukumwa sana hupata joto, fosfori inachoka, bluu inazidi kujitokeza. Ukinyoosha rangi leo huku taa zinaungua, baada ya miezi TV inarudi mezani kwako. Punguza mkondo kwanza, rangi baadaye, kwa sababu mkondo wenyewe nao unagusa rangi.

Baba Zuu
Mimi ni wa jicho tangu enzi za TV za kichogo. Kule tulikuwa na kirekebishi kiitwacho "screen" kwenye flaibaki (transfoma ya volti kubwa), tunakipunguza hadi picha inakaribia kuzimika, ndipo tunalinganisha nyekundu, kijani na bluu moja moja. Jicho lililozoea linafanya kazi. Naweka TV nyingine isiyo na tatizo pembeni, zote mbili zinaonyesha picha ile ile ya kijivu kutoka kwenye flashi, nashusha bluu mpaka zifanane. Kwa TV ya sebuleni inatosha kabisa, na mteja anaondoka siku hiyo hiyo.

binti_kisauni
Shikamoo Baba Zuu. Kuweka TV nzima pembeni ni sawa, na hapo ndipo nguvu ya njia yako ilipo. Asiye na TV ya pembeni ndiye anayepotea, kwa kuwa jicho huzoea. Ukikaa mbele ya skrini ya bluu kwa muda, ubongo unaanza kuiita nyeupe. Halafu taa ya duka nayo ikiwa nyeupe ya baridi, inakuvuta upande huo huo.

Kamera ya simu ndiyo msaidizi mbaya zaidi. Inasahihisha nyeupe yenyewe kabla hujaiona picha, kwa hiyo inakuficha kosa unalolitafuta.

Rimoti_Mbili
Kunakili namba ni haraka, nami nimekuwa nikifanya hivyo. Modeli moja, namba moja, dakika chache kazi imekwisha.

binti_kisauni
Ndugu Rimoti_Mbili, modeli ni moja lakini paneli (skrini yenyewe) si moja. Kiwanda hunyoosha nyeupe kwa kupima seti yenyewe, na mara nyingi modeli ile ile hutoka na paneli za watengenezaji tofauti. Hapa kwa Fundi_Tandale kuna stripu za dukani pia, ambazo TV ya kunakilia haina. Namba hizo zitumie kama pa kuanzia tu.

Na wote mnaoingia menyu ya fundi: piga picha kila ukurasa kabla hujagusa kitu. Aina ya paneli msiibadilishe kamwe mkiwa mnatafuta rangi. Ukikosea hapo picha inaweza kupinduka au skrini kubaki giza, na kutoka ni kazi kubwa kuliko taa zenyewe.

Fundi_Tandale
Nimeelewa. Kalorimita basi unaitumiaje hatua kwa hatua? Na inalipa kwa duka dogo?

binti_kisauni
Kwa TV moja hailipi, nasema wazi. Inalipa kama unabadilisha taa kila wiki, au mafundi wawili watatu mkachangia moja. Programu ya HCFR ya kupimia rangi ni ya bure na inapokea kalorimita nyingi za kawaida.

Washa TV nusu saa ipate joto. Weka modi ya sinema au filamu, rangi ya joto, kisha zima kontrasti inayojibadilisha, kihisi cha mwanga wa chumba na modi ya kubana umeme. Ukiacha kimoja, kila kipimo kitakuja na jibu lake. Kwenye programu chagua aina ya skrini ni LED nyeupe, maana kalorimita husoma vibaya ikidhani ni skrini nyingine.

Unalenga D65, ile nyeupe ya kiwango cha TV, yaani kwenye ramani ya rangi x 0.3127 na y 0.3290, karibu kelvini 6500. Weka kijivu cha asilimia 80, rekebisha gein (rangi za sehemu angavu). Shuka asilimia 30, rekebisha ofseti (rangi za sehemu za giza). Rudi 80, kwa sababu moja husogeza nyingine. Kijani iache ilipo, ndiyo inayobeba takriban asilimia 71 ya mwangaza. Cheza na bluu na nyekundu, na penda kushusha kuliko kupandisha, kwani ukipandisha sana sehemu nyeupe kabisa zinapoteza maelezo. Delta E, kipimo cha ukubwa wa kosa la rangi, ikishuka chini ya 3, mtazamaji wa kawaida haoni kosa.

Baba Zuu
Marahaba binti. Hapo kwenye giza umenigusa. Kwa jicho nanyoosha nyeupe vizuri, lakini kijivu cha chini hubaki na ubluu, na mteja anauona kwenye filamu za usiku. Fundi_Tandale, kama huna kifaa, kilinganishe kijivu cheusi peke yake ukiwa umezima taa za duka.

mkono_wa_solda
Nyongeza kwa wanaobadilisha bodi kubwa badala ya taa: namba za nyeupe kwa TV nyingi zimehifadhiwa kwenye kumbukumbu ya bodi hiyo. Bodi ya mtumba inakuja na namba za paneli ya mtu mwingine. Kama bodi ya zamani bado inawaka, ingia menyu na uziandike kabla hujaichomoa. Kama imekufa na ina ile IC ndogo ya kumbukumbu ya miguu minane, wapo wanaoihamisha, ila hakikisha toleo la bodi ni lile lile.

Fundi_Tandale
Asanteni sana. Napunguza mkondo leo, kesho naazima kalorimita kwa jirani.

binti_kisauni
Vizuri. Pima katikati ya skrini, na baada ya kumaliza kagua pembe nne kwa kijivu kile kile. Pembe ikiwa na doa la bluu, fungua tena uangalie lenzi ya hapo, menyu haitalitoa.