Nifanyeje mzee asione matokeo kwenye TV usiku wa uchaguzi?

Kibosho Juu: Wakuu, habari za jioni. Naishi na mzee wangu huku Kibosho. Ana presha, daktari amekataza asishtuliwe. Uchaguzi ni wiki ijayo na taarifa ya habari haimpiti. Nitamwekaje mbali na TV usiku ule bila kumuudhi?

Mama Rau: Pole mwanangu. Dawa ameze kwa wakati, mbege apunguze. Na usimdanganye mzazi, utajitafutia laana.

Dereva wa Himo: Mwaka 2015 nilikesha baa moja Majengo. Tulipiga kura Jumapili, tarehe 25 Oktoba. Tume ikawa inatoa matokeo ya urais jimbo kwa jimbo, hadi mshindi anatangazwa ni Alhamisi. Supu nakula kwa mkopo! Sasa wewe utaficha TV usiku mmoja, hizo siku nyingine je?

Nesi Pasua: Wagonjwa wangu wengi wana presha na wanaangalia tu. Huyu wako ana nini cha zaidi?

Kibosho Juu: Anagombea udiwani.

Dereva wa Himo: Mangi!! 😂😂

Nesi Pasua: Na hela ya kampeni katoa wapi?

Kibosho Juu: Kauza ng'ombe. Msinihukumu, hamkumwona aliposhindwa kura za maoni mara ile, tulilala naye hospitali. LNB, kile kichwa cha dishi kinachonasa mawimbi, nimeshaitoa, nimemwambia iko kwa fundi. Kwangu hiyo ni huruma.

Wakili wa Kijiweni: Hiyo LNB unaionea. Vituo vinafungwa saa kumi jioni, kura zinahesabiwa palepale, fomu inabandikwa nje ya kituo. Diwani anatangazwa na msimamizi msaidizi hukohuko kwenye kata. Wakala wake atampigia simu kituo baada ya kituo, TV haina hata habari naye.

Jicho la Njoro: Chai hii. Juzijuzi mleta mada alikuwa Tegeta anauliza bei ya vifaranga. Leo ana baba Kibosho?

Kibosho Juu: Kwani mtu harudi kwao?

Dereva wa Himo: Mchaga arudi nyumbani Oktoba? Sisi tunapanda Desemba. Chai, tena ya maziwa.

Mama Rau: Mwacheni kijana. Ila mwanangu, baba yako ni wa chama gani?

Kibosho Juu: Mama, hilo tuliache. Mzee ndiyo anaingia sasa hivi kutoka Mbuyuni, kanunua redio ya betri. Naombeni ushauri wa redio.