Mji Mkongwe na kiti mwendo: rampu za kudumu, au mikono ya kubeba?

Mtembeza Wageni, Unguja (anaweka mada)

Assalaam alaykum. Kila msimu wa wageni ukianza hoja hii inarudi: Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, ubadilishwe kiasi gani ili mtu wa kiti mwendo, mgeni au mwenyeji, aweze kuuzunguka? Kuna wanaotaka rampu za saruji kwenye kila jengo la umma. Kuna wanaosema mji ule ni wa vizingiti na ngazi tangu ulipojengwa, ukiuchonga si Mji Mkongwe tena, na mwenye kiti aende zake pwani ya kaskazini au Dubai ambako vituo vya metro vina lifti.

Msimamo wangu: rampu ziwepo, lakini tunaanza kugombea mlango wakati njia ya kufika mlangoni haipo. Kiti cha kawaida kina upana wa sm 60 hadi 70. Ongeza viwiko vya anayekisukuma, unahitaji sm 90 zilizo wazi kwenda mbele na duara la sm 150 kugeuka. Barabara ya Mizingani kutoka bandarini Malindi hadi Forodhani ni tambarare na upana huo upo, na kutoka Forodhani hadi lango la Ngome Kongwe ni hatua chache. Tatizo linaanza ukiingia ndani kuelekea Gizenga, Hurumzi na Mkunazini. Huko si upana tu unaokwamisha. Ni mfuniko wa mtaro uliovunjika kona moja, vespa iliyoegeshwa, na bidhaa za duka zilizotandazwa nje. Magurudumu madogo ya mbele yana kipenyo cha sm 12 hadi 20. Pengo la sm 3 kwenye mfuniko, likiwa limelala sambamba na mwelekeo wa safari, linalimeza gurudumu lile na aliyekaa anarushwa mbele. Pengo lisizidi sm 1.3, na nondo za mfuniko zikate njia, zisifuate njia. Hapo hakuna urithi unaoguswa hata kidogo.

Fundi Chokaa

Maalim, kwenye mitaro niko na wewe moja kwa moja. Kwenye rampu nataka tuelewane kuhusu saruji, kwa sababu ndiyo inayoletwa kwanza na ndiyo inayoua nyumba.

Kuta zile ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Zinanyonya unyevu wa ardhini pamoja na chumvi, kisha zinautoa kwa kupumua kupitia plasta ya chokaa. Ukimwaga rampu ya saruji ikagandana na ukuta, umeziba pua. Unyevu hautoki tena pale chini, unapanda. Misimu michache ya masika ikipita plasta inachubuka juu ya rampu, chumvi inachanua nyeupe, na ukipanda zaidi unafikia ncha za boriti zilizochomekwa ukutani. Boriti huanza kuoza kwenye ncha, ndani ya ukuta, mahali usipopaona. Dari ikilegea watu watasema nyumba imezeeka.

Rampu ijengwe imejitenga na ukuta sm 5 hadi 10, maji yapite kati, na itolewe siku yoyote bila kuacha kovu. Mbao ngumu iliyochanwa mistari ya kuzuia utelezi, au chuma kilichopakwa zinki. Chuma kitupu kwenye upepo wa bahari kitakula kutu haraka.

Kizingiti kisikatwe. Yuko mkandarasi atakayewaambia "tunachonga sm 10 tu". Kizingiti cha chini ndicho kinachoshika miimo miwili, nguzo za pembeni mwa mlango, isitanuke. Ukikikata, miimo inaachia kidogo kidogo, mbao za mlango zinashuka, na mfaa, ule mti wa katikati ya mbao mbili, haukai tena mahali pake. Mlango uliochongwa karne ya 19 unaharibika kwa kazi ya asubuhi moja.

Mlinzi wa Urithi

Ndiyo maana nasema tuache. Angalieni Akropoli ya Athens, kilima cha mahekalu ya kale: mwaka 2020 waliweka njia pana za zege juu ya mwamba, na wataalamu wa mambo ya kale ndani na nje ya Ugiriki wakapiga kelele. Sisi tayari tuna jengo kubwa lililotuangukia. Sehemu ya Beit al Ajaib (Jumba la Maajabu) iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Mji usioweza kuzibeba kuta zake mwenyewe, mnauongezea kazi? Vijana wanne wenye nguvu wanamwinua mgeni na kiti chake, wanampandisha, anaona, anashuka. Watu wetu ni wakarimu, na ukarimu nao ni sehemu ya mji.

Kiti Mwendo, Ng'ambo

Ndugu Mlinzi, ukarimu nauheshimu. Kubebwa sikukubali, na sababu zangu ni za kazi.

Kiti kikubwa cha betri kina kilo 100 na zaidi kabla mtu hajakaa. Akikaa, wanne wale wanainua karibu kilo 180 kwenye ngazi nyembamba zenye upana wa watu wawili. Wa mbele hawaoni wanapokanyaga. Kiti cha kawaida nacho hushikwa vibaya: watu hudaka sehemu za kuwekea miguu au mikono, ambazo zimeundwa zichomoke, na zinachomoka kweli. Pa kushika ni fremu yenyewe na vishikio vya nyuma vilivyokazwa. Mwenye jeraha la uti wa mgongo asiyehisi miguu anaweza kukwaruzwa kisigino kwenye jiwe asijue hadi usiku, na kidonda kile kikamlaza wiki nyingi. Mwenye mpira wa mkojo, mfuko ukinyanyuliwa juu ya kibofu mkojo unarudi nyuma, na maambukizi yanafuata.

Halafu mada nzima mmeipeleka kwa mgeni. Mji Mkongwe unakaliwa. Kuna mzee wa ghorofa ya pili ambaye tangu apooze hajaiona baraza ya nyumba yake. Kuna wa kwenda msikitini, benki, kupiga kura. Mgeni akishindwa na ngazi anapoteza mchana mmoja. Mwenyeji anapoteza mji.

Kuhusu Beit al Ajaib, umenipa hoja mwenyewe. Jengo lile la Sultan Barghash la mwaka 1883 linasifiwa kuwa la kwanza Afrika Mashariki kupata lifti ya umeme. Lifti imo ndani ya urithi. Sasa linapojengwa upya ndiyo nafasi: lifti yenye chumba cha ndani sm 110 kwa 140 na mlango wa sm 80 hadi 90. Ukisubiri kuta zifungwe, hutaipata tena. Na hao hao wa Akropoli, mwaka ule ule wa 2020 waliweka lifti mpya kwa wasioweza kupanda kilima. Zege ndilo lililogombewa zaidi.

Mbunifu Majengo, Mombasa

Niwaletee hesabu, maana naona rampu inatajwa kama kitu kimoja.

Mteremko wa kawaida unaokubalika ni 1 kwa 12. Kila sm 1 ya kupanda inataka sm 12 za kwenda. Kizingiti cha sm 25 kinataka mita 3. Uchochoro wa mita 2 hauna mita 3 mbele ya mlango, kwa hiyo rampu lazima ilale pembeni mwa ukuta, sm 90 zikiliwa, na hapo gari la hamali halipiti. Viwango vya Marekani kwa majengo yaliyokwisha kujengwa vinaruhusu 1 kwa 10 kama kimo hakizidi sm 15, na 1 kwa 8 kama hakizidi sm 7.5. Kwa hiyo kizingiti cha sm 15 ni rampu ya mita 1.5, na hiyo hata ya kukunjwa inatosha. Cha sm 40 pamoja na vidato viwili vya nje, usidanganywe: ni karibu mita 5, na kipande cha mbao cha mita 2 kilichoegeshwa pale ni mtego. Kiti kinapinduka kwa nyuma.

Kosa ninaloliona likirudiwa ni upande wa ndani. Kizingiti ni tuta, si kidato. Watu wanaweka mteremko nje, kiti kinapanda hadi juu ya tuta, kisha ndani kuna mporomoko wa sm 15 au 20 hadi sakafuni. Lazima pande mbili. Na kabla ya mlango pawe na jukwaa tambarare la sm 150, maana mtu hawezi kusukuma mlango mzito huku kiti kinarudi nyuma.

La pili: milango yetu ni ya mbao mbili, na kwa kawaida hufunguliwa moja tu, ile isiyo na mfaa. Nafasi inayobaki mara nyingi haifiki hata sm 60. Kiti hakipiti, hata rampu ikiwa ya dhahabu. Dawa ni kufungua zote mbili saa za wageni. Komeo la ubao wenye mfaa lipakwe mafuta, lisigongwe kwa nyundo.

Kuinua uchochoro mzima ili ulingane na mlango kunavutia kwenye karatasi. Msifanye. Masika ikimwaga, maji yale yanayotiririka chini ya baraza yataingia sebuleni. Baraza zenyewe hutumika kama njia ya juu mvua ikijaza vichochoro.

Wakili, Dodoma

Kwa ufupi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 9 inadai ufikikaji wa majengo, barabara na usafiri. Ibara ya 30 inataja makumbusho na huduma za utalii bila masharti, lakini kwa minara na maeneo ya kihistoria inasema "kadiri inavyowezekana". Mvutano wenu wote uko ndani ya maneno hayo mawili. Ndugu Mlinzi anayasoma kama ruhusa ya kutofanya. Mimi nayasoma kama wajibu wa kuthibitisha: onesha umepima nini na kimeshindikana wapi. Bara kuna sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010, Zanzibar ilitangulia na yake ya 2006, na Kenya wameandika haki ya kufika mahali pote kwa kiwango cha kuridhisha ndani ya Katiba yao ya 2010, ibara ya 54. Mkataba wa Venice wa 1964, ambao wahifadhi huuapia, unasema jengo la kale huhifadhiwa vizuri zaidi likiwa na matumizi kwa jamii, mradi mpangilio na mapambo yake visibadilishwe. Rampu inayotoka bila kovu inatimiza yote mawili.

Mratibu wa Safari, Dar

Mnapobishana, kuna mtu anafunga mizigo. Haya ni kwa anayekuja mwezi huu.

Boti: kinachoamua ni maji, si tiketi. Bahari yetu wakati wa bamvua hupanda na kushuka mita 3 hadi karibu 4. Tuseme daraja la kupandia lina urefu wa mita 20 na maji yamepwa mita 3.5: huo ni mteremko wa karibu 1 kwa 6, mara mbili ya unaofaa. Tazama jedwali la kujaa na kupwa, chagua safari inayoondoka na kufika maji yakiwa yamejaa au karibu, au safiri siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni siku za bamvua, ziepuke. Kushuka daraja lenye mteremko mkali, kiti kirudi kinyumenyume, msaidizi akiwa upande wa chini.

Ndege: waarifu saa 48 kabla, na taja alama sahihi. WCHR ni anayeweza kupanda ngazi. WCHS hawezi ngazi lakini anatembea hadi kitini. WCHC hatembei kabisa. Watu wakiandikiwa WCHR kimakosa, wanakuta ngazi ya ndege na hakuna wa kuwashusha. Betri ya lithiamu inayochomolewa ikizidi wati-saa 300 haikubaliwi. Ndege ndogo za kuvuka kwenda Unguja mlango wake ni mdogo, uliza vipimo vya kiti kikiwa kimekunjwa kabla ya kulipa.

Hoteli: neno "inafikika" halina maana bila futi kamba. Omba picha nne, kila moja futi kamba ikionekana: upana wa mlango wa chumba, upana wa mlango wa choo, kimo cha kitanda (sm 45 hadi 55), na nafasi pembeni mwa choo cha kukaa. Mlango wa choo ufunguke kwa nje. Choo ndicho huvunja safari kuliko ngazi, maana mtu hunywa maji kidogo makusudi ili asiende, na joto letu la Februari halina huruma.

Tairi: viti vingi vina gurudumu la nyuma la inchi 24, tyubu ya 24 kwa 1 3/8. Waulize mafundi baiskeli kwanza, maana ni saizi ya baiskeli, lakini beba mbili zako. Ukigusa maji ya bahari, suuza kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, hasa beringi za mbele.

Mlinzi wa Urithi

Bi Mratibu na Fundi, mmenisogeza. Rampu iliyojitenga na ukuta siipingi. Vyumba vya chini vinavyooneshwa kama vya watumwa pale Mkunazini, je? Ngazi ni kali, dari iko chini hata mzima anainama. Huko napo mtaweka lifti?

Kiti Mwendo, Ng'ambo

Hapana. Pale ufinyu wenyewe ndio simulizi, na kuupanua ni kuifuta. Lakini asiyeweza kushuka asiachwe uani akishika mikoba ya wenzake. Iwekwe picha ya moja kwa moja ya vyumba vile hapo juu, kwenye kimo cha macho ya aliyekaa, yaani sm 110 hadi 120 kutoka chini, na mtembeza wageni aeleze kwa kundi zima kabla halijashuka, si baada. Hilo ndilo "kadiri inavyowezekana" ninaloweza kulikubali. Duka la vinyago lenye kidato kimoja cha sm 15 halina kisingizio hicho.

Mtembeza Wageni, Unguja

Basi napendekeza tuijaribu njia moja kamili: Malindi, Mizingani, Forodhani, Ngome Kongwe, kisha Gizenga hadi kanisa la Mkunazini. Isiwe na pengo hata moja katikati, maana kidato kimoja kisichotatuliwa kinaifuta njia nzima. Milango ya Fundi ije baadaye, mmoja mmoja, kwa kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe.

Ambalo bado hatujalimaliza ni ufunguo. Rampu ya kukunjwa ikifungiwa stoo na mwenye ufunguo akaenda kuswali, haipo. Mimi nasema ining'inizwe nje pembeni mwa mlango, kwenye kulabu, bila kufuli. Fundi atasema ikiwa ya alumini itaibwa. Nani ana jibu?

Fundi Chokaa

Mninga, Maalim. Vipande viwili vyenye bawaba, mita 1.5 vikikunjuliwa. Vitakuwa vizito, vitataka watu wawili kuvitandika, na havina bei kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kulabu zifungwe kwenye baraza, zisiguse mwimo.