Nani aliwafundisha kunyang'anya fokasi mtu akiwa anachapa?

Wakuu, nimetoka Kariakoo sasa hivi kichwa kinagonga. Kula baadaye, acha nimwage hapa kwanza. (Fokasi ni ile zamu ya kiboksi au kitufe kupokea unachochapa.)

Kuna duka la jumla nimerithi mfumo wao wa mauzo. Aliyeuandika kwa Java Swing (zana za Java za kuchora madirisha na vitufe) alishahama, namba haipatikani. Asubuhi napigiwa: "Fundi, mauzo yanajifuta yenyewe." Nikajua ni virusi, au keshia ana mkono mwepesi. Nikaenda, nikasimama nyuma ya dada wa kaunta. Katoni ya sabuni, skana pi! Ya pili, pi! Kabla ya ya tatu kidirisha kikachomoza katikati ya skrini: "Muda umepita. Futa orodha?" Pi! Kidirisha kikayeyuka, na orodha yote ikaenda nacho. Dada hata macho hajainua, yuko na katoni zake.

Mmeelewa kilichotokea? Kwa kompyuta, skana ni kibodi tu. Inachapa tarakimu 13, zile za kuanzia 620 za bidhaa za kwetu, halafu inamalizia na Enter. Zinaingia popote penye fokasi. Kidirisha hakina pa kuandika, kwa hiyo tarakimu zikapotea hewani, lakini Enter ikabonyeza kitufe kilichochaguliwa. Na showConfirmDialog, amri ya Swing inayofungua kidirisha cha kuuliza Ndiyo au Hapana, usipoiambia kitu, inachagua cha kwanza: Ndiyo. Sabuni ndiyo iliyofuta mauzo, wakuu. Sabuni! Na yule dada kumbe wiki nzima anagombezwa na bosi.

Nikafungua kodi (ya programu, si ya TRA). Astaghfirullah. requestFocus(), amri ya kuombea kiboksi fokasi, imemwagwa kila kona kama chumvi ya mpishi mwenye mapenzi. Ndugu, mbadala wake, requestFocusInWindow, ipo tangu Java 1.4, mwaka 2002! Na maelezo ya Java yenyewe yanasema ile ya zamani tuiepuke, maana tabia yake inabadilika kutoka mfumo endeshi mmoja hadi mwingine. Halafu jamaa anaiita ndani ya konstrakta (kodi inayoliunda dirisha), dirisha lenyewe halijazaliwa. Haikufanya kazi, bila shaka. Dawa aliyoweka? Thread.sleep(500), yaani programu isinzie nusu sekunde. Wakati dawa ya kweli ni kuita requestFocusInWindow baada ya pack() (inayopanga dirisha) na kabla ya setVisible(true) (inayolionyesha), basi, yameisha!

Kilichonimaliza kabisa ni hiki. Kiboksi cha idadi kikipoteza fokasi kikiwa kitupu, kinafungua kidirisha cha "Jaza idadi". Kiboksi cha bei nacho hivyo hivyo. Sasa toka kwenye idadi uende kwenye bei: idadi inalalamika, kidirisha chake kinainyang'anya bei fokasi, bei nayo inalalamika, ukibonyeza Sawa wanaanza upya. Wake wenza hao. Keshia kazi yake ni kuchomoa waya wa umeme. InputVerifier, mkaguzi wa kilichoandikwa kabla kiboksi hakijaachia fokasi, ipo tangu Java 1.3 kwa kazi hii hii, na kitufe cha Ghairi unakipa setVerifyInputWhenFocusTarget(false), kisilazimishe ukaguzi, ili mtu aweze kutoka. Kama ni lazima usikilize focusLost (taarifa kwamba kiboksi kimepoteza fokasi), basi walau uliza isTemporary(), yaani kama kimeipoteza kwa muda tu, kabla ya kupiga kelele.

Sitaki hata kuanza habari ya JTextArea (kiboksi cha mistari mingi) ya maelezo inayomeza Tab, mtu anabaki humo mpaka ajue Ctrl+Tab. Keshia gani anajua Ctrl+Tab?

Windows wenyewe tangu enzi za 98 na 2000 waliziwekea programu mipaka: ukiwa nyuma huruhusiwi kujitupa mbele ya mtu anayefanya kazi kwingine, kitufe chako kinamweka-mweka kule chini umsubiri. Ila ndani ya programu yako mwenyewe hakuna askari. Ni adabu yako tu. Na wengi humu, tusidanganyane, hamna. Kitaimu (saa ya ndani ya programu) kikiita tu, popup!

Mimi nimeking'oa kile kidirisha, ujumbe sasa unapita kwenye mstari chini ya dirisha na fokasi inabaki kwenye kiboksi cha barkodi. Nimekaa saa nzima namwangalia dada anapiga katoni, hakuna kilichofutika. Bosi akaja, akatazama skrini, akaniuliza: "Fundi, mbona kile kidirisha hakiji tena? Umeharibu?"